Fedha na Ndoa katika Riwaya za Victoria Benedictsson: Jibu kwa Wanaozibeza

Katika uhakiki wa fasihi iko desturi moja ambayo tunaona wakati umefika wa kuipiga vita bila kuoneana haya. Desturi yenyewe ni hii: mwandishi wa kiume akieleza habari za nyumba, za mke na mume, tunaambiwa kwamba ameeleza maisha ya binadamu, mwandishi wa kike akieleza mambo hayo hayo, tunaambiwa kwamba ameandika kitabu cha wanawake. Katika makala haya tunakusudia kuijadili desturi hiyo kwa kutumia mfano wa mwandishi mmoja wa Uswidi wa karne ya kumi na tisa, Victoria Benedictsson, ambaye vitabu vyake vilitoka kwa jina la kiume la Ernst Ahlgren. Tunashikilia kwamba riwaya zake mbili, yaani Pengar (Fedha) ya mwaka 1885 na Fru Marianne (Bibi Marianne) ya mwaka 1887, ni uchunguzi wa ndoa kama jambo la mali na kazi. Na kwamba yeyote anayezisoma kama visa vya mapenzi tu, huyo hajazisoma.

Huenda msomaji akauliza, mwandishi wa Uswidi ana nafasi gani katika mkusanyo wa makala za utamaduni wa taifa? Tunajibu kwamba Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mwezi Desemba 1962, hakusema kwamba tuufunge mlango. Alitufundisha kuuthamini utamaduni wetu, na papo hapo akaonya kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa mataifa mengine halina akili. Basi kujifunza kwa wengine ni sehemu ya kazi yetu. Lakini kujifunza si kupokea hukumu za wahakiki wa huko kama zilivyo. Ni lazima tuzipime sisi wenyewe. Na hukumu waliyompa mwanamke huyu, tumeipima tukaiona pungufu.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Sheria kuu ya Uswidi ya mwaka 1734 ilimweka mwanamke asiyeolewa chini ya msimamizi, aghalabu baba yake au ndugu yake, na mwanamke aliyeolewa chini ya mumewe. Mjane peke yake ndiye aliyehesabiwa kuwa mtu mzima mwenye kujiamulia mambo yake. Ilikuwa mwaka 1845 ndipo binti alipopewa haki ya kurithi sawa na mwana wa kiume. Mwaka 1858 mwanamke asiyeolewa aliruhusiwa kuomba mahakamani ahesabiwe mtu mzima akifikisha miaka 25. Mwaka 1863 akaipata haki hiyo bila kuomba. Na mwaka 1884 umri ukashushwa hadi miaka 21. Lakini haki zote hizo zilikoma siku ya harusi. Aliyeolewa alirudi utotoni kwa mujibu wa sheria, na akabaki humo hata ilipotungwa sheria mpya ya ndoa ya mwaka 1920, iliyoanza kutumika mwaka 1921. Jambo moja tu lililegezwa mapema: mwaka 1874 mke aliruhusiwa kuyatawala mapato ya kazi ya mikono yake mwenyewe.

Tumezitaja tarehe hizi kwa sababu pasipo kuzijua riwaya za Uswidi za karne ile hazieleweki. Fredrika Bremer alipotoa riwaya yake ya Hertha mwaka 1856, alimwonyesha binti mtu mzima, mwenye akili timamu, ambaye baba yake anaushikilia urithi wake na kumnyima uhuru; na watu wengi waliihusisha riwaya hiyo na mjadala uliozaa sheria ya 1858. Anne Charlotte Leffler naye, katika tamthilia yake ya Sanna kvinnor (Wanawake wa Kweli) ya mwaka 1883, alimweka jukwaani mume anayeponda mali ya nyumba, mke anayemtii hata katika kujifilisi, na binti afanyaye kazi ili wote wale. Waandishi hawa hawakuwa wakilia machozi ya mapenzi. Walikuwa wakiuliza maswali makavu: fedha ni za nani, nani atie sahihi, na asiye na sahihi aishi vipi?

Victoria Benedictsson alizaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha Domme, mkoa wa Skåne, kusini kabisa mwa Uswidi. Jina la ukoo wake lilikuwa Bruzelius. Tamaa yake kubwa ya ujana ilikuwa kusoma uchoraji katika chuo cha sanaa cha Stockholm. Chuo hicho kilikuwa kimeanza kupokea wanafunzi wa kike mwaka 1864, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Lakini baba yake alikataa, na palipokosekana ridhaa na fedha za baba, mlango ulio wazi haukuwa na faida. Mwaka 1871 aliolewa na Christian Benedictsson, msimamizi wa posta katika mji mdogo wa Hörby, mjane mwenye watoto watano, ambaye alimzidi umri kwa miaka mingi sana. Bibi harusi alikuwa na miaka 21. Tukumbuke kwamba wakati huo umri wa utu uzima kwa msichana ulikuwa bado miaka 25. Maana yake ni kwamba alitoka mkononi mwa baba akaingia mkononi mwa mume bila kupata hata siku moja ya kuwa mkononi mwake mwenyewe.

Baadaye aliugua mguu, akalala kitandani kwa muda mrefu, na tangu hapo akatembea kwa magongo. Katika ugonjwa huo ndipo alipojifunza uandishi kwa bidii. Kitabu chake cha kwanza, mkusanyo wa hadithi za maisha ya watu wa Skåne uitwao Från Skåne, kilitoka mwaka 1884. Mwaka huo huo wasichana wa Uswidi walipewa utu uzima wao wakifika miaka 21. Mwandishi mwenyewe, mke wa mtu mwenye miaka 34, sheria hiyo haikumgusa. Kilichomgusa ni ile ya 1874: mapato ya kalamu yake yalikuwa ndiyo mali ambayo aliruhusiwa kuitawala. Yeyote anayedhani kwamba mtu wa namna hii alichagua jina la Fedha kwa riwaya yake ya kwanza ili kupamba jalada, na afikiri tena.

Sasa tuifungue riwaya yenyewe. Selma Berg ni msichana wa miaka 16 apendaye kuchora na kutamani kwenda kusoma. Mzee mmoja wa ukoo wake, kasisi, hamtukani wala hampigi. Anamshauri kwa upole kwamba sanaa ni gharama, kwamba maisha ya mwanamke asiye na mali ni mazito, na kwamba yupo bwana tajiri mwenye ardhi ambaye yu tayari kumwoa. Selma anakubali. Hajui ndoa ni nini, kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyeona wajibu wa kumweleza. Wote waliridhika na ujinga wake na kuuita usafi wa moyo. Baada ya harusi anayaelewa mapatano ambayo alikuwa ameyaridhia pasipo kuyajua: amelishwa, amevishwa, amepewa nyumba kubwa, na yeye mwenyewe ndiye malipo. Miaka inapita, akili yake inakomaa, na mwishoni anathubutu kulitamka neno ambalo jamii yake ililificha chini ya maua ya kanisani, kwamba aliuzwa. Naye anaamua kuiacha nyumba ile ya kitajiri.

Angalia jinsi mwandishi alivyojenga jambo hili. Hakumfanya mume kuwa zimwi. Angemfanya zimwi, msomaji angesema, "Ole wake, alipata mume mbaya," akafunga kitabu na kulala usingizi. Hakumfanya kasisi kuwa mlaghai pia. Watu wote katika riwaya hii wanatenda yale ambayo watu wenye heshima hutenda, na kwa sababu hiyo hasa msichana anauzwa. Huo ndio uhalisia tunaouheshimu: hautafuti mkosaji mmoja wa kumtwika dhambi zote, bali unaonyesha mpango mzima ulivyofungwa, fundo kwa fundo. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Ndoa ya Selma nayo iliundwa; na kila fundi aliyeshiriki katika kuiunda alidhani anafanya wema.

Hapo ndipo tunapokutana na wabezaji wa kwanza, wanaosema kwamba haya ni mambo ya wanawake, mambo madogo. Georg Brandes, mhakiki mashuhuri wa Denmaki, ambaye tangu mihadhara yake ya mwaka 1871 huko Copenhagen alikuwa amewataka waandishi wa nchi za Skandinavia wayajadili matatizo ya jamii katika kazi zao, aliiona Fru Marianne kuwa ni riwaya ya kike mno. Edvard Brandes, ndugu yake, aliihakiki kwa ubaya katika gazeti la Politiken. Tunauliza: je, Gustave Flaubert hakuandika habari za mke wa mganga wa kijijini katika Madame Bovary mwaka 1857? Je, Leo Tolstoy hakuandika habari za mke wa mtu katika Anna Karenina? Riwaya hizo zimejaa mavazi, barua, madeni ya dukani na machozi ya chumbani. Mbona hatujasikia zikiitwa riwaya za kike? Ikiwa mada ni ile ile na jina limebadilika kwa sababu ya mkono ulioshika kalamu, basi hiyo si hukumu juu ya kitabu bali ni hukumu juu ya mkono.

Na ipo tofauti moja ambayo wahakiki hao wangaliipima, wangaliona uzito wa mwanamke waliyemdharau. Flaubert alimwua Emma. Tolstoy alimwua Anna. Mke aliyekosea alifikishwa kaburini, na msomaji alipata faraja ya kuhuzunika bila kudaiwa chochote. Benedictsson hakumwua Selma, wala hakumwua Marianne. Marianne ni binti wa mjini aliyelelewa katika uvivu, asomaye visa vya mapenzi akiwa amejinyoosha kochini, ambaye anaolewa na mkulima, Börje Olsson. Maisha ya shambani yanamchosha. Anatokea rafiki wa mume, Pål Sandell, mtu wa maneno mazuri na mikono laini, na Marianne anakaribia kuteleza. Lakini hatelezi hadi chini. Anarudi katika maisha yake, anazaa mtoto, anajifunza kazi, na taratibu anakuwa mshirika wa mumewe katika kuiendesha nyumba na shamba. Kuandika kifo cha mwanamke mzuri kunahitaji ufundi. Kumwandika mwanamke huyo akiamka asubuhi ya pili na kushika kazi kunahitaji ufundi zaidi, maana hapo msomaji hawezi kutoroka.

Wapo waliolalamika, na tunakiri kwamba hoja yao ina nguvu, kwamba riwaya ya pili inairudia nyuma ile ya kwanza. Katika Fedha mke anaondoka. Katika Bibi Marianne mke anabaki. Je, mwandishi aliwasaliti wanawake? Tunaona sivyo. Riwaya zote mbili zinauliza swali lile lile: mke anakula kwa kazi gani? Selma analipwa kwa kuwa mwili wake ni wake wa mtu mwingine; hana kazi katika nyumba ile isipokuwa kuwamo. Marianne naye mwanzoni ni pambo tu, mtu wa kufugwa kama kasuku. Anapotoka katika hali hiyo, hatoki kwa kuhubiriwa uaminifu bali kwa kushika kazi yenye manufaa na kuheshimiwa kwa ajili yake. Riwaya ya kwanza inabomoa ndoa iliyojengwa juu ya ununuzi. Ya pili inajaribu kueleza ndoa iliyojengwa juu ya kazi ingekuwaje. Mtu anaweza kusema kwamba jaribio hilo halikukamilika, kwa kuwa shamba ni la Börje na sheria ni ya Börje. Hilo ni kweli. Lakini kasoro hiyo tunaweza kuijadili ikiwa tu tumekubali kwanza kwamba mwandishi alikuwa akishughulika na jambo zito.

Wabezaji wa pili ni wabaya zaidi, kwa sababu wanakuja na machozi. Hawa hawasemi kwamba vitabu vyake ni vidogo. Wanasahau tu kuvifungua. Kwao Victoria Benedictsson ni mwanamke aliyempenda Georg Brandes, akavunjika moyo, na kujiua mjini Copenhagen mwezi Julai 1888, akiwa na miaka 38. Husimulia pia kwamba habari zake ndizo zilizompa August Strindberg mawazo ya tamthilia ya Fröken Julie, aliyoiandika mwaka huo huo. Basi mwanamke aliyetumia maisha yake kuwaandika wengine amegeuzwa kuwa mhusika katika maandishi ya wengine. Kifo chake kilikuwa msiba, na hatuna ruhusa ya kukifanya pambo la hadithi. Mtu hafi kwa sababu moja inayoweza kusimuliwa kwa sentensi moja. Shajara zake, zilizochapishwa kwa ukamilifu katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1978 na 1985, zinamwonyesha mfanyakazi: mtu anayesikiliza watu wasemavyo, anayeandika, anayefuta, anayejihukumu kwa ukali, na anayetaka kupimwa kama msanii miongoni mwa wasanii. Amezikwa Copenhagen, na kaburi lake lina jina la Ernst Ahlgren. Yaani jina la kazi yake ndilo lililochongwa. Wanaotaka kumheshimu na waanzie hapo, kwenye kazi.

Wabezaji wa tatu wanatoka upande wetu sisi, na tunawaheshimu zaidi kwa kuwa wanauliza kwa nia njema. Wanasema: hawa walikuwa mabibi wa tabaka la kati, matatizo yao ni ya wenye makochi, kijakazi aliyefagia chini ya kochi yuko wapi? Swali hili ni la haki. Watumishi wa Uswidi wakati huo walikuwa chini ya sheria ya mwaka 1833, ambayo haikufutwa hadi mwaka 1926, na maisha yao hayashiki nafasi ya kati katika Fedha. Hata hivyo tusikimbilie kufunga kitabu. Kwanza, mwandishi huyu alianza na watu wa Skåne, wakulima na watu wa vijiji, na akawarudia katika mkusanyo wake wa mwaka 1887. Pili, elimu ya tabaka haitufundishi kuwasahau waliomo ndani ya nyumba ya mwenye mali. Inatufundisha kuuliza mali inawafanya nini wote wanaoishi chini ya paa moja. Mume wa Selma ana ardhi. Kwa ardhi hiyo ana watumishi, na kwa ardhi hiyo hiyo ana mke. Mwandishi aliyeuona mlango mmoja wa nyumba hiyo na kuufungua kwa ukweli ametusaidia kuiona milango mingine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tuseme neno moja kwa walimu wenzetu. Tumezoea kuwauliza wanafunzi swali la nafasi ya mwanamke katika riwaya, nao wamezoea kujibu kwa orodha: mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, mwanamke amechorwa kama mlezi, mwanamke amechorwa kama msaliti, na kadhalika. Orodha hiyo inapata alama katika mtihani, lakini haimfundishi mwanafunzi kusoma. Mwanafunzi akiisoma habari ya Selma kwa orodha, ataandika "chombo cha starehe" na kwenda zake. Tumwulize maswali ambayo mwandishi mwenyewe aliyauliza. Nani analipa katika nyumba hii, na analipa kwa nini? Nani anajua jambo ambalo mwingine amefichwa? Kama mhusika angetaka kuondoka kesho, angekula nini? Sheria inasema nini juu ya mtu wa umri wake, na fedha inasema nini? Maswali haya yanafaa kwa riwaya ya Uswidi ya 1885 na kwa riwaya yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili. Naye mwanafunzi wa miaka 16, ambaye ana umri wa Selma, hatahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini yanaulizwa.

Kwa hiyo hatuombi kwamba Victoria Benedictsson ahurumiwe. Huruma amepewa nyingi, na imemzika mara ya pili. Wala hatuombi apunguziwe kipimo kwa kuwa alikuwa mwanamke, au mgonjwa, au mke wa mtu katika mji mdogo. Tunadai apimwe kwa kipimo kile kile wanachopimiwa Flaubert na Tolstoy: je, aliona, na alichoona alikisema kweli? Sisi tumesoma, na tunajibu kwamba aliona bei iliyofichwa ndani ya shela la bibi harusi, akaitaja kwa jina lake mbele ya watu waliopenda isitajwe. Anayetaka kutupinga na aje na kitabu mkononi, akionyesha ukurasa. Akija na habari za mapenzi ya mwandishi peke yake, tutamwomba akae chini, asome kwanza.